Anza na gameti: mwongozo kamili wa kufanya maswali ya urithi, kuanzia selimundu hadi takwimu za Musoma

Mwanafunzi anayekosa swali la urithi mara nyingi hakosei kwenye mraba wa Punnett, lile jedwali la kukutanisha gameti za wazazi. Amekwisha kukosea mstari mmoja juu yake, pale alipotakiwa kuandika gameti, yaani yai na mbegu ya kiume. Ameuruka mstari huo, au ameandika gameti yenye herufi mbili kwa sifa moja, na kuanzia hapo hata hesabu ziwe safi namna gani, jibu sahihi halipatikani. Mwongozo huu unakaa sana kwenye mstari huo mmoja, kwa sababu ukiushika, makundi ya damu, sifa zinazofuata jinsia na hata jenetiki ya jamii nzima ni marudio ya jambo lile lile.

Mfano mkuu ni selimundu. Ni ugonjwa unaojulikana vizuri Afrika Mashariki, jeni yake imechunguzwa hadi herufi ya mwisho, na urithi wake ni mnyoofu. Kaa na daftari, rula na penseli. Ukifika kwenye zoezi la maharage, utahitaji vikombe viwili visivyoonyesha ndani.

Maneno ya kushika kwanza

Jeni ni kipande cha DNA kinachobeba maelekezo ya kutengeneza kitu mwilini, mara nyingi protini. Aleli ni toleo mojawapo la jeni hiyo. Chukua jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni; jeni hiyo ipo kwenye kromosomu ya 11. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Toleo la kawaida huitwa A. Toleo la S limetofautiana na A kwa herufi moja tu ya DNA: mahali palipoandikwa GAG pameandikwa GTG. Kwa sababu hiyo amino asidi ya sita katika mnyororo wa protini inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Mwanasayansi Vernon Ingram ndiye aliyeionyesha tofauti hiyo kwenye protini, huko Cambridge mwaka 1956 na 1957. Oksijeni ikipungua, molekuli za himoglobini S hugandana na kuunda nyuzi ndefu, nazo nyuzi hizo huipinda seli nyekundu ikafanana na mundu.

Jenotipu ni aleli alizonazo mtu: AA, AS au SS. Fenotipu ni kile kinachoonekana au kupimika. Mwenye aleli mbili za aina moja ni homozigoti, mwenye mbili tofauti ni heterozigoti.

Neno linalowapoteza wengi ni "tawala". Aleli tawala ni ile inayojitokeza hata ikiwa moja tu, na maana yake inaishia hapo. Haina maana kwamba ni nzuri zaidi, wala kwamba wenye nayo ni wengi. Kundi la damu O linatokana na aleli fiche, yaani inayofichika ikikutana na aleli tawala, na bado ndilo kundi lenye watu wengi zaidi Afrika Mashariki. Kuna aina za kuzaliwa na kidole cha sita zinazotokana na aleli tawala, na watu wa namna hiyo ni wachache. Usiamue aleli ipi ni tawala kwa kuhesabu watu mtaani. Unaamua kwa kumtazama heterozigoti: anaonyesha ipi?

Na hapo selimundu inafundisha jambo ambalo njegere za Mendel, mwanzilishi wa somo hili, hazifundishi. Ukiuliza kuhusu afya ya kila siku, mtu wa AS, yaani mbebaji, kwa kawaida ni mzima, kwa hiyo A inaonekana tawala. Ukipima himoglobini yake maabara, utazikuta zote mbili, A na S, kwa hiyo hakuna inayoificha nyenzake. Utawala hutegemea unaangalia ngazi gani. Swali likikuuliza kuhusu ugonjwa, jibu kwa ngazi ya ugonjwa, na uandike hivyo.

Mseto wa sifa moja, mstari kwa mstari

Swali: Baba na mama wote ni wabebaji wa selimundu. Kuna uwezekano gani wa mtoto wao kuzaliwa na ugonjwa?

Andika ufunguo kwanza: A ni aleli ya himoglobini ya kawaida, S ni aleli ya himoglobini ya selimundu. Kwenye mtihani andika Hb, kifupi cha himoglobini, kwa herufi kubwa ya kawaida, kisha A au S ndogo juu yake. Pale swali linapokuachia uchague herufi, epuka zile ambazo kubwa na ndogo zake zinafanana kwenye mwandiko: C na c, S na s, K na k, W na w. Chagua R na r, T na t, B na b. Wapo waliopoteza alama kwa sababu msahihishaji hakuweza kujua kama wameandika Ss au SS.

Mstari wa pili ni fenotipu za wazazi, na chini yake jenotipu: mbebaji kwa mbebaji, AS × AS.

Mstari wa tatu ni gameti. Baba: A na S, kila moja ndani ya duara lake. Mama: A na S, nazo ndani ya maduara. Duara si pambo. Linakukumbusha kwamba hicho ulichokizungushia ni seli nzima, yai au mbegu ya kiume, na ndani yake nakala ya jeni ni moja. Kwenye meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti, kromosomu mbili za jozi hutengana, kila moja ikaenda seli yake. Seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, gameti ina 23. Ukiandika AS ndani ya duara moja umesema kwamba meiosisi haikutokea.

Mstari wa nne ni mraba. Gameti za baba juu, za mama pembeni:

| | A | S |
|---|---|---|
| A | AA | AS |
| S | AS | SS |

Kisha usome mraba mara mbili. Jenotipu: AA 1, AS 2, SS 1. Fenotipu: wasio na ugonjwa (AA na AS) 3, mwenye ugonjwa (SS) 1. Jibu la swali ni 1/4, yaani asilimia 25. Wanafunzi wengi huchora mraba safi kabisa, wakaacha hapo. Mraba ni njia tu. Andika sentensi inayojibu kile ulichoulizwa, kwa maneno yale yale ya swali.

Fanya na hizi ukiwa umefunika majibu: AA × AS hutoa nusu AA na nusu AS, hakuna mgonjwa. AS × SS hutoa nusu AS na nusu SS. AA × SS hutoa AS watupu. Kwenye mseto wa AA × SS gameti za kila mzazi ni za aina moja tu, kwa hiyo mraba wa chumba kimoja unatosha. Kuchora vyumba vinne si kosa, ila unajichosha.

Jambo la maabara ambalo linafaa kujulikana: kipimo cha haraka, kile ambacho damu huchanganywa na kemikali ya kuondoa oksijeni kisha seli zikaangaliwa kwa hadubini, huonyesha kwamba S ipo. Hakimtofautishi AS na SS. Anayetaka kujua jenotipu hupimwa kwa elektroforesisi au kipimo kingine kinachotenganisha aina za himoglobini. Kwa hiyo swali likisema "amepimwa akaonekana ana selimundu kwa kipimo cha haraka", usikimbilie kuandika SS.

Asilimia 25 haina kumbukumbu

Wazazi hao wa AS × AS wamepata mtoto wa kwanza mwenye SS. Ndugu watawaambia: mmeshamaliza zamu, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Si kweli, na maneno hayo yameumiza familia nyingi. Kila mimba ni yai jipya na mbegu mpya, na hakuna kinachoziambia zilizotangulia zilikuwaje. Mtoto wa pili ana 1/4, wa tatu 1/4, wa kumi 1/4.

Hebu tukokotoe familia ya watoto wanne. Uwezekano wa wote kuwa hawana ugonjwa ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 81/256, karibu asilimia 32. Uwezekano wa angalau mmoja kuwa nao ni 175/256, asilimia 68. Na ile hali ya "mmoja kati ya wanne" kamili, ambayo watu hudhani ndiyo lazima itokee, ni 4 × 1/4 × 27/64, sawa na 27/64, asilimia 42. Haifiki hata nusu.

Swali gumu zaidi, nalo hupendwa na watunga mitihani: mtoto wa familia hiyo ni mtu mzima sasa, hana ugonjwa. Kuna uwezekano gani kwamba ni mbebaji? Wengi hujibu 1/2, kwa sababu wameona AS mbili kati ya vyumba vinne. Lakini tumeshaambiwa hana ugonjwa. Chumba cha SS kimefutika. Vimebaki vitatu, AA kimoja na AS viwili, kwa hiyo jibu ni 2/3. Kila unapopewa taarifa kuhusu fenotipu ya mtu, futa kwanza vyumba ambavyo hawezi kuwemo, ndipo uhesabu.

Zoezi la maharage

Hili lifanye kwa mikono. Dakika arobaini zinatosha kwa watu wawili.

Chukua maharage 200 ya aina moja na ukubwa mmoja. Yachague, yaliyokunjamana au kupasuka weka pembeni. Paka 100 alama nyeusi ya maka peni pande zote mbili, uache yakauke kabisa. Haya ndiyo S, yasiyo na alama ni A. Weka 50 ya A na 50 ya S kwenye kikombe cha kwanza, ambacho ni baba, na idadi hiyo hiyo kwenye cha pili, mama. Tikisa. Bila kutazama, toa harage moja kila kikombe, yaweke pamoja mezani, andika jenotipu kwa mstari wa kuhesabia, kisha rudisha kila harage kwenye kikombe lilikotoka. Tikisa tena. Rudia mara 100.

Mahali pa kuharibika ni matatu. La kwanza, kutumia maharage mekundu makubwa kwa A na meupe madogo kwa S: vidole vinatambua ukubwa bila wewe kutaka, na matokeo yanaegemea upande mmoja. La pili, kutorudisha. Ukitoa bila kurudisha, kila harage la S unalotoa linapunguza nafasi ya S inayofuata, na umetengeneza kikombe chenye kumbukumbu, wakati mzazi hana. La tatu ni kutotikisa. Maharage yaliyorudishwa hukaa juu na ndiyo hayo hayo yanayochukuliwa tena.

Tuseme umepata AA 22, AS 55, SS 23. Ulitarajia 25, 50, 25. Je, tofauti hiyo ni ya bahati tu? Tumia jaribio la kai-mraba. Kwa kila kundi toa ulichotarajia kwenye ulichopata, jibu lizidishe kwa lenyewe, gawa kwa ulichotarajia, kisha jumlisha makundi yote:

AA: (22 − 25)² ÷ 25 = 9 ÷ 25 = 0.36
AS: (55 − 50)² ÷ 50 = 25 ÷ 50 = 0.50
SS: (23 − 25)² ÷ 25 = 4 ÷ 25 = 0.16

Jumla ni 1.02. Makundi ni matatu, kwa hiyo digrii za uhuru ni 3 − 1 = 2, na kikomo kwenye jedwali kwa kiwango cha asilimia 5 ni 5.99. Namba 1.02 iko chini sana ya hapo, hivyo matokeo yanaafikiana na uwiano wa 1:2:1. Tumia idadi halisi kwenye hesabu hii, kamwe usitumie asilimia. Watu 20 na watu 2,000 wanaweza kuwa na asilimia zile zile, lakini uzito wa ushahidi wao ni mbalimbali.

Sifa mbili kwa pamoja

Gregor Mendel alipanda njegere kwenye bustani ya monasteri huko Brno kuanzia mwaka 1856, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1866. Kwenye mseto wa sifa mbili, umbo na rangi ya mbegu, alihesabu mbegu 556: mviringo za njano 315, mviringo za kijani 108, zilizokunjamana za njano 101, zilizokunjamana za kijani 32. Uwiano unaotarajiwa ni 9:3:3:1. Gawa 556 kwa 16 upate 34.75, zidisha kwa 9, 3, 3 na 1, kisha fanya kai-mraba mwenyewe. Utapata 0.47, na kikomo cha digrii 3 ni 7.81.

Mimea iliyozaa mbegu hizo ilikuwa RrYy × RrYy: R ni mviringo, r kukunjamana, Y njano, y kijani. Gameti za RrYy ni nne: RY, Ry, rY, ry. Zipate kwa mpangilio: chukua R, iunge na Y kisha na y, chukua r, iunge na Y kisha na y. Kila gameti iwe na herufi moja ya kila jeni. Gameti "Rr" haipo, kwa sababu haina hata nakala moja ya jeni ya rangi na ina mbili za jeni ya umbo. Ukijiuliza "je, kila jeni imewakilishwa mara moja?" utaligundua kosa hili kila mara. Idadi ya aina za gameti ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara nyingi kama zilivyo jeni za heterozigoti: jeni mbili 4, jeni tatu 8.

Mraba wa vyumba 16 unakula muda. Jeni zikiwa kwenye kromosomu tofauti, fanya kila sifa peke yake kisha zidisha. Jeni ya beta-globini iko kromosomu ya 11, ya makundi ya damu ABO iko ya 9. Baba ni AS mwenye kundi A (jenotipu AO), mama ni AS mwenye kundi B (BO). Uwezekano wa mtoto mwenye SS na kundi O? Selimundu 1/4, kundi O 1/4, jibu 1/16. Mistari miwili tu. Njia hii haifanyi kazi kwa jeni zilizokaribiana kwenye kromosomu moja, maana hizo husafiri pamoja. Ukikuta data inayokataa kabisa 9:3:3:1, na aina mbili za uzao zinazofanana na mababu zimezidi mno, fikiria hivyo kwanza.

Makundi ya damu, na tahadhari yake

Hapa aleli ni tatu: A, B na O, lakini mtu mmoja anabeba mbili tu. A na B zote hujitokeza zikikutana. O ni fiche kwa zote mbili. Kundi A ni AA au AO, kundi B ni BB au BO, kundi AB ni AB, kundi O ni OO.

Kazi kubwa ni kurudi nyuma, kutoka fenotipu hadi jenotipu. Ukiona mtoto wa kundi O, jua amepokea O kwa baba na O kwa mama. Kwa hiyo baba wa kundi A mwenye mtoto wa kundi O lazima awe AO. Andika alama ya kuuliza pale usipojua: kundi A ni A?. Kisha tumia watoto au wazazi kuijaza. Wazazi A na B, wote heterozigoti, wanaweza kupata mtoto wa kundi lolote kati ya manne, kila moja 1/4.

Usitumie hesabu hii kumhukumu mke wa mtu. Kundi la damu linaweza tu kuonyesha kwamba mwanamume fulani kwa kawaida hawezi kuwa baba; halithibitishi kwamba ni yeye. Na hata kwenye kukataa, zipo aleli adimu zinazovunja kanuni ya darasani, na yapo makosa ya kuandika majibu ya kipimo. Swali la nani ni baba hujibiwa kwa kipimo cha DNA.

Sifa zilizo kwenye kromosomu ya X

Upofu wa rangi nyekundu na kijani: aleli ya kawaida B, aleli ya upofu b, zote ziko kwenye X. Y haina jeni hii. Andika X na herufi yake pamoja, kamwe usiandike herufi peke yake, la sivyo utasahau jinsia.

Mama mbebaji, baba anaona sawasawa: XBXb × XBY. Gameti za mama: XB, Xb. Gameti za baba: XB, Y. Watoto: XBXB, XBXb, XBY, XbY. Binti wote wanaona, nusu yao ni wabebaji. Nusu ya watoto wa kiume wana upofu wa rangi.

Sasa soma maswali haya mawili polepole. "Kuna uwezekano gani kwamba mtoto wao atakuwa wa kiume mwenye upofu wa rangi?" Jibu ni 1/4, kwa sababu unahesabu kati ya watoto wote. "Wamepata mtoto wa kiume. Kuna uwezekano gani kwamba ana upofu wa rangi?" Jibu ni 1/2, kwa sababu binti wameshafutwa. Ni ile ile kanuni ya 2/3 hapo juu: futa kwanza. Na baba hampi mwanawe wa kiume X yake, anampa Y. Kwa hiyo anayeweza kurithi aleli ya upofu huu kwa baba peke yake, bila mama kuhusika, ni binti tu, naye huwa mbebaji.

Kusoma mti wa nasaba: ualbino

Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, kilichotiwa wino mzima ni mwenye sifa. Vizazi huandikwa kwa namba za Kirumi, watu kwa namba za kawaida kutoka kushoto.

Tafuta kwanza wazazi wawili wasio na sifa waliopata mtoto mwenye nayo. Ukiwapata, sifa ni fiche, na hapo huna haja ya kubahatisha. Halafu mtafute binti mwenye sifa ambaye baba yake hana. Akiwepo, jeni haiko kwenye X, maana ingekuwa huko baba angempa X yenye aleli tawala. Kwa ualbino wa ngozi, nywele na macho utayakuta yote mawili: wazazi wasio na ualbino, binti mwenye nao. Ni fiche, na iko kwenye kromosomu isiyo ya jinsia.

Kutokana na hapo, wazazi wote wawili wa mtoto huyo ni Aa (hapa A ni aleli ya kawaida, a ni ya ualbino). Hakuna njia nyingine. Aleli a moja imetoka kwa mama na nyingine imetoka kwa baba. Pale mama anapolaumiwa na ukoo peke yake, mstari wa gameti unawasahihisha walaumu. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya takriban 1,400. Kipeuo cha pili cha 1/1,400 ni karibu 0.027, hilo ndilo kadirio la aleli a (sababu iko kwenye kanuni ya Hardy na Weinberg hapo chini), na wabebaji ni 2 × 0.973 × 0.027, karibu asilimia 5: mtu 1 kati ya 19. Darasani kwenye wanafunzi 60, tegemea watatu hivi.

Mtihani ukisema wazazi wote wawili wana ualbino, jibu linalotarajiwa ni kwamba watoto wote watakuwa nao. Nje ya mtihani yupo mtoto asiye nao wa wazazi wa namna hiyo, kwa sababu ualbino unaweza kutokana na jeni zaidi ya moja. Aina iliyoenea zaidi Afrika iko kwenye jeni OCA2, kromosomu ya 15. Nyingine iko kwenye jeni ya kimeng'enya tairosinasi, kromosomu ya 11. Kila mzazi anaweza kuijaza kasoro ya mwenzake.

Kutoka familia hadi jamii: Musoma

Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aleli S huwakinga wabebaji dhidi ya malaria kali. Takwimu zake za wilaya ya Musoma, zilizochapishwa mwaka 1956, ni zoezi zuri kuliko data yoyote ya kubuni.

Watoto wachanga 287: AA 189, AS 89, SS 9. Watu wazima 654: AA 400, AS 249, SS 5.

Anza na watoto. Hesabu aleli, si watu. Watu 287 wana aleli 574. Aleli A ni 2 × 189 + 89 = 467, kwa hiyo p, sehemu ya aleli zote iliyo A, = 467/574 = 0.814. Aleli S ni 2 × 9 + 89 = 107, na q, sehemu iliyo S, = 0.186. Hakiki kwamba p na q zinajumlika kuwa 1. Sasa kanuni ya Hardy na Weinberg inasema: gameti zikikutana bila mpango, AA itakuwa p², AS itakuwa 2pq, SS itakuwa q². Huo ni mraba wa Punnett ule ule, ila gameti sasa ni za wilaya nzima. Zidisha kila moja kwa 287: AA 190.0, AS 87.0, SS 10.0. Ulichopata ni 189, 89 na 9. Kai-mraba ni karibu 0.14, kikomo kwa digrii 1 ni 3.84. Digrii ni 1, si 2, kwa sababu q yenyewe tumeitoa kwenye data hiyo hiyo, na hilo hugharimu digrii moja.

Watu wazima: aleli 1,308, A ni 1,049, S ni 259, kwa hiyo p = 0.802 na q = 0.198. Inayotarajiwa: AA 420.6, AS 207.7, SS 25.6. Iliyopatikana: 400, 249, 5. Kai-mraba inazidi 25, na kikomo ni kile kile 3.84.

Usiishie kuandika "haiafikiani na kanuni". Tazama namba ipi imepungua na ipi imezidi. SS walitarajiwa 25 au 26, wamepatikana 5: wengi wa wenye ugonjwa walifariki utotoni. AA wamepungua kwa 20 hivi, wabebaji wamezidi kwa 41. Kanda ya ziwa ilikuwa na malaria nyingi, na mtoto wa AA alikuwa hatarini zaidi kuliko wa AS. Kila kizazi aleli S inapotea kwa vifo vya SS, na inarudishwa na AS wanaovuka utoto na kuzaa. Watoto wa Musoma waliafikiana na kanuni kwa sababu walipimwa kabla malaria na selimundu havijamaliza kazi yake. Gameti zilikutana bila mpango; kilichobadilisha hesabu kilikuja baada ya kuzaliwa.